Chumba cha Pili Kushoto

Leo wamehamishia humo mashine ya kopi,
makatoni ya glovu
na kiti cha magurudumu kilichovunjika mguu.
Chumba cha pili kushoto, hospitali ya Ibra.
Nimesimama mlangoni na funguo zangu,
nikaitafuta harufu. Sikuipata.

Harufu ile ilikuwa haitoki.
Kila baridi iliposhuka kutoka majabalini
na wanaume wakavaa makoti juu ya kanzu,
walikuja: wa Mudhaibi, wa Qabil,
wa mchangani Bidiya nyuma ya pikapu,
mama na barakoa yake,
mtoto kazongwa shali la babake.
Kutapika na kuhara, kuhara na kutapika.
Vitanda sita, watoto tisa.

Nilifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili,
nikaiachia, nikahesabu: moja, mbili, tatu,
nayo bado imesimama
kama mkunjo wa kanga iliyosahauliwa sandukuni.
Nilipapasa utosi, nikaukuta umebonyea.
Mtoto analia, machozi hana.
Kilio hicho nakiogopa mpaka leo:
kilio kikavu.

Sista Aleyamma, aliyetoka Kerala,
aliuona mshipa usioonekana
kwenye kichwa kidogo kama balungi.
Yeye akiomba kwa Kimalayalam,
mimi kwa Kiswahili alichoniachia mama,
mwenye mtoto kwa Kiarabu cha jangwani,
na dripu moja ikitusikiliza sote,
tone,
tone.

Azzan wa Zayana alifika alfajiri.
Usiku kucha wadi ilikuwa inashuka,
na babake kasimama ng'ambo, taa za gari zinawaka,
akingoja mafuriko yapungue avuke.
Maji yalimzuia njiani.
Kukosa maji kukamchukua.
Sijui niiandike vipi hiyo. Nimeiandika hivyo.

Kisha ukaja mrija mdogo wa plastiki.
Mtoto wa miezi miwili, unauminya taratibu
ndani ya shavu, analamba, anakunja uso,
analamba tena, kwani ni tamu.
Hakuna sindano. Hakuna hata kulia.
Ghaniya, mke wa mpwa wangu, akanikazia macho:
"Ndiyo haya tu, shangazi?"
Ndiyo haya tu. Akitimiza minne umrudishe.
"Yanazuia nini?"

Nikafungua mdomo.
Nilitaka kumshika mkono nimpeleke
kwenye usiku ambao hatakuwa nao:
shuka lisilofuliwa mara saba,
sindano iliyobaki kwenye pakiti yake,
wadi imefurika hadi shingoni mwa mitende
na hakuna mtu ng'ambo anayetaka kuvuka.
Utamwonyesha vipi mtu jambo lisilokuja?
Utamwambia lina rangi gani?

"Kuharisha," nikasema.
"Aa," akasema, akatazama simu yake.

Sikuudhika. Kwa nini niudhike?
Asiyekijua kilio kikavu
na asikijue.

Wapo wanaokuja bado, nisiseme uongo.
Juzi kaja mmoja, macho yameingia ndani kidogo,
kalala usiku mmoja, asubuhi kanivuta kitambulisho
anataka kukitafuna. Nikampa babake pakiti za chumvi
na maneno yale yale: kijiko, ngoja, kijiko.

Nimelifungua daftari la zamani, mwandiko wangu,
Januari peke yake kurasa kumi na moja.
Januari hii, nusu ukurasa,
na nusu iliyobaki mtu kaandika
namba ya fundi wa kiyoyozi.

Mwezi ujao nastaafu. Wameniuliza
nataka zawadi gani, nikasema saa ya ukutani,
kwa kuwa walikwisha kuinunua.

Kwenye kona, nyuma ya mashine ya kopi,
stendi moja ya dripu imesahauliwa,
na kwenye ndoana yake mtu katundika koti.
Nilinyoosha mkono nilitoe.
Nikaliacha.