Mzigo Unaotembea

Chumbani Mtanda, feni ikizunguka kivivu,
nimelaza daraja juu ya kioo cha kompyuta:
maboya arobaini, pingili kwa pingili kama muwa,
na chini yake maji yasiyomlowanisha mtu.

Halijajengwa. Liko kwenye namba tu,
kutoka Kitunda hadi ng'ambo ya mikoko,
pale ambapo wanafunzi huvua viatu
na kuvuka maji yakiwa ya magoti.

Kwanza nilipitisha lori la korosho, tani nane.
Kwangu mimi lori halina dereva wala honi,
ni nukta yenye uzito na mwendo.
Likienda taratibu, boya linazama kidogo, linainuka,
kama godoro linavyompokea mgonjwa na kumuaga.
Likienda mbio sana, daraja halipati hata muda wa kushtuka.
Lakini kati na kati, kilomita ishirini na mbili kwa saa,
mwendo wa mtu asiye na haraka wala subira,
wimbi linalifuata lori, linalipata,
linakwenda nalo sambamba,
na mstari kwenye kioo unageuka mwekundu.

Nikaandika: "Madereva, kumi na tano, isizidi."
Nikafurahi, nikala mihogo ya kuchoma.

Ndipo Biti Nachinuku, mkata tiketi wa kivuko,
ambaye nilimwomba idadi ya abiria tu,
akauliza: "Na wali je?"
Nikadhani anasema chakula.
"Mwezi wa unyago, mwali yuko mabegani,
ngoma mbele, wanawake sitini nyuma,
na hawatembei wale. Wanaruka."

Ngoma sikuwa nimeiandika.
Kwenye faili langu mna chumvi ya maji, mna upepo,
mna hata kutu ya mnyororo baada ya miaka kumi;
hamna kisigino cha shangazi mwenye furaha.

Jumamosi nikaenda Mnazi Mmoja, simu mkononi,
nikahesabu visigino: viwili na kidogo kwa sekunde.
Somo mmoja akanivuta mkono: "Wahesabu nini? Ingia!"
Nikaingia. Hesabu ikapotea mara mbili.

Usiku nikaitia ngoma kwenye mlinganyo.
Daraja likaanza kama mtu anayesikia jina lake mbali.
Hatua ya thelathini, likaitika.
Hatua ya themanini, boya la kumi na tisa liko hewani,
na mwali wangu wa nukta
nikabonyeza kusitisha. Kidole kilikuwa na jasho.

Mhandisi wa wilaya alisema: weka kibao,
"Ngoma isimame kabla ya daraja."
Nikampelekea Biti Nachinuku maneno hayo.
Hakucheka. Alichana tiketi ya mtu, akamrudishia chenji:
"Mwali hagusi chini, na ngoma hainyamazi njiani.
Hicho kibao mtakisoma wenyewe."

Basi. Nimesogeza maboya, nimeongeza sita,
nimelitia daraja uzito tumboni
ili lisiwe tena somo wa visigino vile.
Bajeti imenuna. Itanuna.

Sasa umeme umekatika, betri asilimia tisa,
na jaribio la mwisho linakwenda:
sitini wanavuka, wanaruka, mstari kijani,
unapapatika, kijani.
Wa mwisho ameshuka ng'ambo, nukta zimeisha,
lakini daraja bado linatikisika
kidogo,
kidogo,
kama bega la aliyembeba mwali
usiku, baada ya kumshusha.