Saa Saba Kasorobo, Darasa la Pili

Mapazia yamevutwa. Vichwa arobaini na kimoja
vimelala juu ya mikono, juu ya madawati,
juu ya vijito vilivyoshonwa na bibi zao.
Harufu ya wali na kabichi bado imo chumbani.
Nami nanyata na viatu vya kitambaa
kama mwizi asiye na cha kuiba.

Asubuhi niliwafundisha neno moja: kulala.
Mistari kumi na mitatu ya kalamu.
Kushoto jicho; kulia kitu kizito, kinaning'inia.
Tingsheng akalisahau jicho.
Ruolin akafika mstari wa kumi na moja, akalia.

Bibi yake Tingsheng alinijia mwezi wa tisa,
unga wa mikate ya mvuke ungali kwenye kucha:
"Nimemleta asome. Kulala, hulala kwetu bure."
Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba mtoto huyu
huamka saa tisa za usiku, sufuria zikianza kufoka,
na kufika kipindi cha nne macho yake
huwa kama taa za duka lililofungwa.

Waliosema usingizi ni nusu ya kifo
hawakuwahi kufundisha darasa la pili.
Tazama kidole cha Ruolin:
kinatambaa juu ya dawati, kinasita, kinarudi.
Sijui anaandika au anamfukuza nzi wa ndotoni.
Mmoja tu yuko macho, Yuwei, kama kawaida yake;
anahesabu mizunguko ya feni, nami simlazimishi.
Tumekubaliana kimya kimya: mimi na yeye ni walinzi.

Kengele.
Nyuso zinainuka, mashavu yamepigwa chapa za vifungo,
mate yameacha ziwa dogo kwenye daftari la hesabu.
Siwaulizi kitu mpaka wanywe maji.

Tingsheng anakwenda ubaoni bila kuitwa.
Mistari kumi na mitatu. Jicho lipo.
Cha kulia kimepinda, kimeelemea upande
kama kichwa kinachotafuta bega.
Nachukua chaki nyekundu nimsahihishe,
kisha nairudisha.

Kesho nitampelekea bibi yake lile daftari.
Au nitakwenda tu kununua mikate,
saa kumi na moja alfajiri,
nami nikipiga miayo.