Mwaka wa Kuzaliwa

Kijana wa steshenari pale Sanawari
hakuinua macho.
"Mama, jina la mwombaji? La mwanao."
Nikamtajia: Eliaichi Mbise.
Akachapa. "Yuko shule gani?"
Yuko hapa, nikasema. Amekalia kiti chako cha plastiki
kile ulichokifunga mguu kwa kamba,
na bahasha ya kaki iko mapajani.

Hapo ndipo aliponitazama.

Mwaka wa kuzaliwa hauandikwi, unachaguliwa.
Orodha inaanzia kwa watoto wa juzi
naye anaiteremsha kwa kidole,
anateremsha,
elfu mbili na sita, na tatu, elfu mbili kamili,
kama mtu anayeshusha ndoo kisimani
na kamba haijafika maji.
"Bado?"
Bado, mwanangu. Teremsha.
Kule chini, themanini na moja, ndoo ikagusa.

Nimezaliwa Maji ya Chai.
Jina limeshasema, mimi niongeze nini:
mto una rangi ya chai na hakuna aliyetia majani.
Tuliunywa. Meno yakaota na rangi yake.
Darasa la tano alikuja mpiga picha,
akasema, chekeni,
na mstari mzima, watoto arobaini na wawili,
tukapandisha viganja midomoni
bila kuambizana.
Picha ipo. Utadhani tunapiga chafya.

Miaka kumi na tisa nachemsha koleo za kung'olea.
Nashika taa. Nashika vichwa vya watoto.
Mkono wa daktari ukinyooka najua unataka nini
kabla mwenyewe hajajua.
Madaktari sita wamepita, wote nimewaonyesha
ile swichi ya kiti inayokwama.
Huyu wa sasa alizaliwa mwaka niliomaliza kidato cha nne.
Ananiita mama, namwita dokta,
sina ugomvi, adabu ni adabu.
Ila siku moja aling'oa jino ambalo silo,
na lililo bovu mimi nilikuwa nimeliona,
nikanyamaza,
maana mhudumu ana mikono, mdomo hana.
Usiku ule nilitafuta kitabu cha fizikia.

Fizikia!
Mtahiniwa wa kujitegemea, nyuma ya binti anayetafuna kalamu,
na msimamizi ananiamkia shikamoo
akiniuliza nimemleta nani.
Mwaka wa kwanza, F.
Mwaka wa pili, D,
na D ile niliitazama kwenye simu ya jirani
mpaka jirani akadai simu yake.

Dada yangu Ndeshi alipiga hesabu kwa vidole:
"Utahitimu una miaka hamsini."
Ndeshi ana hesabu nzuri tangu utoto.
Nikamwongezea ndizi kwenye sahani.
Mume wangu hakusema neno. Aliuza ndama.
Kwake yeye, hiyo ni hotuba.

Kisha cheti kina Eliaich, bila i ya mwisho,
na kitambulisho kina Eliaichi,
kwa hiyo nimeapa mbele ya wakili, kwa elfu ishirini,
kwamba mimi ndiye mimi.
Kati ya yote hayo, hilo ndilo lililonitoa machozi,
sijui kwa nini.

Kimebaki kisanduku kimoja:
Eleza kwa nini unaomba udaktari wa meno.
Herufi mia tano, nafasi zikihesabiwa.
Ninayo karatasi, nimeitunga wiki tatu,
ina neno "jamii" mara saba.

"Tuandike nini, mama?"
akauliza kijana, na sasa anatabasamu,
na mkono wa kushoto umepanda wenyewe,
umefunika mdomo.

Unaitwa nani?
"Lomnyaki."
Kwenu wapi, Lomnyaki?
"Ngarenanyuki," akasema, kati ya vidole.

Nikaikunja ile karatasi.
Shusha mkono, nikamwambia.
Ukichapa kwa mmoja tutachelewa.