Kikombe cha Nani

Vizma ana karatasi yenye doa la siagi
na mwandiko wa mama yake, ulioinama kuume
kama nyasi zilizopitiwa na upepo:
unga gramu elfu moja, siagi mia mbili na hamsini,
sukari mia mbili,
chumvi arobaini (hiyo ameishuku tangu zamani),
zafarani, "mpaka uone haya."

Jikoni mwake, Saskatoon, hakuna mizani.
Kuna vikombe vinne vya bati vilivyotungwa kwenye pete,
alivinunua kwenye mnada wa kanisa:
kizima, nusu, theluthi, robo.
Ukoo mzima usiojua neno gramu.

Anapiga simu Liepāja. Kule ni saa nne usiku.
"Mama, elfu moja ni vikombe vingapi?"
"Kikombe cha nani?"
Dzidra anauliza, wala hatanii.
"Cha baba yako kilikuwa ndoo.
Cha shangazi Skaidrīte hakikutosha kumzamisha nzi."

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini methali ilikiacha kibaba pale kimejaa,
haikukinyanyua
ituambie kina uzito gani.

Jirani yake, Orysia, anafungua mlango mikono myeupe hadi viwiko.
"Usichote! Nyunyizia kwa kijiko,
kisha pitisha mgongo wa kisu. Cha mfuto."
Vizma anarudi, anachota kimoja hivyo hivyo, kwa ubishi.
Cha pili ananyunyizia.
Cha tatu anakigonga mezani mara tano
na unga unashuka taratibu,
kama mtu anayeketi baada ya safari,
anaongeza, anagonga tena.
Kikombe kilekile. Unga uleule.

Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Anavaa buti, anatia kila kipimo katika mfuko wake,
anakwenda posta,
maana mtaani hajui mizani nyingine.
Bwana Desjarlais anaitazama mifuko mitatu ya kitu cheupe,
anamtazama Vizma,
anairudia mifuko.
"Inakwenda wapi?"
"Haiendi popote. Nataka kujua tu."
Mia na hamsini na nane.
Mia na ishirini na moja.
Mia na sabini na mbili.
Nyuma yake kwenye foleni mtu anakohoa,
kisha anauliza kama ameuchekecha.

Anapiga hesabu mgongoni mwa risiti, kalamu inakauka kwa baridi:
vikombe vinane na ushei,
au sita kasoro.
Kati ya jibu na jibu
unaweza kuoka mkate mwingine.

Simu tena.
"Mama, ile mizani yako, ya sahani ya shaba, bado ipo?"
"Ipo. Mshale wake unaanzia thelathini,
tangu ilipoangushwa."
"Aliiangusha nani?"
"Wewe. Ulikuwa na miaka minne, ulitaka kumpima paka."

Waya mzima wa bahari na bara ukanyamaza.

"Na hizo thelathini, hukuwa ukizitoa?"
"Nizitoe za nini? Mkate ulikuwa unaumuka."

Basi Vizma akachukua penseli, akatoa yeye.
Unga mia tisa na sabini. Siagi mia mbili na ishirini.
Sukari mia na sabini.
Chumvi
kumi.
Akacheka peke yake, akakaa chini, akaacha kucheka.
Miaka yote ile ya kuzaliwa kwake, mkate wa njano
uliosokotwa kama fundo, mishumaa juu yake,
ulipimwa kwa kishindo alichokifanya mwenyewe
na hakuna aliyemwambia.

Chumvi: vijiko viwili vya chai, visijae.
Sukari: kikombe, kasoro vidole viwili.
Unga: vinane vya kunyunyizia, kisha tazama.
Na juu kabisa, mahali pa jina la mpishi, akaandika:
kikombe cha bati, cha Vizma,
kimebonyea ubavuni.
Alikiangusha nani, sijui.