Pambizoni, kwa Penseli

Mama alianza kuandika mapenzi akiwa na miaka sitini na miwili,
Februari, Saskatchewan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
wiki ileile kampuni ilipofunga ghala la nafaka
na kumkabidhi saa ya ukutani, kana kwamba
alikuwa na haraka ya kujua wakati.

Miaka thelathini na mmoja alipima ngano.
Lori linapanda jukwaani limejaa, linashuka tupu,
yeye anatoa, anaandika tofauti.
Kwa hiyo mizani aliijua kabla ya maneno.
"Sentensi nayo," aliniambia, "ipime ikiwa imejaa,
ipime ikiwa tupu. Tofauti yake ndiyo mzigo."

Hadithi ya kwanza aliiandika nyuma ya stakabadhi
zilizobaki, nakala ya tatu, za rangi ya waridi,
zimechapwa juu: UNYEVU. TAKATAKA. UZITO HALISI.
Daktari wa mifugo, mjane, dhoruba ya theluji, kitanda kimoja.
Nilikuwa na miaka arobaini na bado niliona haya
kununua maziwa dukani kwa Olena,
aliyepanga vitabu vya mama karibu na mayai
na kuniuliza, mbele ya watu,
ukurasa wa mia na kumi ulitoka wapi.

Sikujua. Nyumbani kwetu hakuna aliyebusiana
ila siku ya Pasaka, na hapo ni kwa zamu.

Jina la kwenye jalada: Rosalind Vayle.
Jina la kwenye bili za umeme: Odarka Prokopiw.
Wachapishaji kumi na mmoja walimkatalia; mmoja aliandika
kwamba wasomaji hawaamini mapenzi penye matrekta.
Barua hiyo aliibandika ndani ya kabati la vikombe
aisome kila akitaka chai.
Kawia ufike, alisema,
kwa Kiukraini cha bibi yake, kwa maneno mengi zaidi.

Baba hakusema kitu.
Baba, Nestor, aliyeongea kama mtu
anayelipia kila neno kwenye simu ya maandishi,
alisubiri mama alale, akavuta boksi mvunguni,
akasoma jikoni, akiwa na penseli ya seremala.
Herufi za mraba, pambizoni:

Pampu ya mafuta haiko upande huo.
Hakuna avunaye kitani mwezi wa sita.
Aliyevunjika mbavu hawezi kumbeba mtu ngazini. Mimi najua.

Na mara moja tu, sura ya tisa, pale mkulima
anaposimama mlangoni, kofia mkononi, ulimi umemkatalia:

Sawa.

Vitabu kumi na tisa. Vyote alivisahihisha,
na vyote mama alivirekebisha: pampu ikarudi kushoto,
kitani kikangoja Septemba.
Asubuhi, wakila uji,
walizungumzia bei ya dizeli.

Alifariki Novemba, ardhi ikiwa bado inachimbika.
Mama alikaa mwaka mzima bila kuandika.
Kisha akaagiza karatasi.

Juzi kanipa cha ishirini nikisome.
Ana miaka themanini na mmoja, jicho moja limeingia ukungu,
ila bado anakataa nimchapie.
Nimefika ukurasa wa hamsini na nne.
Pampu ya mafuta iko kulia.

Trekta ni lilelile, la kijani, la vitabu sita.
Mama angeweza kulichora usingizini.
Na pambizo ni pana, pana kuliko zamani,
kama shamba lililoachwa mwaka mmoja lipumzike.

Penseli nimeikuta kwenye droo ya visu.
Nimeichonga kwa kisu cha viazi.
Mwandiko wangu si wa mraba, na matrekta
sikuyapenda kamwe; ninauza bima.

Juu, mbao za kitanda zinalia.
Hajalala.
Nadhani hata zamani
hakuwa akilala.