Ukurasa Mmoja

Mkuu wa shule kaniagiza historia.
"Ukurasa mmoja tu, karani wangu,
wageni wa jubilei hawana subira."
Akaniachia rimu ya karatasi na soda baridi.

Basi nimefungua kabati la chuma.
Kitabu cha kumbukumbu kimeliwa na mchwa
toka hamsini na tisa mpaka sitini na tatu:
uhuru wetu umo matumboni mwao.
Uliopona ni ukurasa wa madeni,
nao una matundu kama chekecheo:
chupa sita za wino, magongo mawili ya kuchezea,
mdaiwa ni Jiwanji wa Upanga,
alihama nchi, hakurudisha.

Ubao wa jina pale getini
umepakwa rangi mara nne.
Masika yakizidi, rangi hubanduka,
herufi za kikoloni huchungulia
kama shimizi chini ya kanga.
Kila mwaka humtuma mlinzi na kopo la rangi.
Mwaka huu sikumtuma.

Niandike lipi?
Kwamba sabini na nane Mwalimu Rwechungura
aliacha mlinganyo ubaoni haujakamilika,
akapangusa chaki kwenye suruali, akaenda vitani?
Kidato cha Pili B hawakuufuta muhula mzima.
Jiografia ilibanwa kwenye kona,
mito yote ya Afrika ikapita kwenye upana wa kiganja.
Mkaguzi alipokuja aliufuta kwa mkono wake,
akaandika: Usafi wa ubao, wastani.
Ripoti ninayo. Mwalimu sinaye.

Au mwaka ule wa dhiki,
daftari moja likipasuliwa kwa kisu,
nusu ya kaka, nusu ya dada,
na wasichana wa Kidato cha Tatu
wakashona sketi kwa pazia la ukumbi.
Zilikuwa nyekundu. Sare yetu ni bluu.
Mwalimu wa zamu akasimama paredini, akatazama,
akatangaza kwamba macho yanamsumbua.
Jukwaa liko uchi hadi leo.

Mimi mwenyewe nimo humu, namba 417.
Nilikuja na kidumu na fagio kama wenzangu,
kwa miguu kutoka Keko, viatu mkononi visilike.
Nikafeli.
Wakaniajiri kubandika matokeo.
Miaka thelathini na moja nabandika matokeo ya watoto wa watu,
najua sauti ya anayeliona jina lake
na ukimya wa anayelitafuta mara ya pili, kuanzia chini.
Huyo wa pili huwa namwita ofisini,
nampa kazi ya kupanga mafaili
mpaka getini pawe peupe.

Hilo haliingii kwenye jubilei.
Wala tundu la ukuta nyuma ya maabara,
lililozibwa mara kumi na moja,
lenye umri kuliko walimu wote,
ambamo Mama Sikudhani hupitisha mihogo na kachumbari,
kama mama yake alivyopitisha,
mkono tu, bangili, na sauti: "Chenji sina!"

Mlango unagongwa.
Kabinti ka Kidato cha Nne, joto la Februari limemlowesha mgongo.
"Karani, jina langu limekosewa.
Ni Chausiku. Mmeandika Chauziku."
Nafuta. Naandika. Anasoma herufi kwa kidole,
moja moja, kama anayehesabu pesa,
kisha anakimbia kuwahi kipindi
katika darasa la watu tisini na sita.

Saa tisa na nusu sasa.
Nimeandika: "Shule hii ilianzishwa".
Nimesita hapo.
Nauinua ule ukurasa wa Jiwanji dirishani,
jua linapita kwenye matundu ya mchwa,
linaanguka mezani vidoa vidoa.
Huu ndio nitakaompa mkuu wa shule.
Ni mmoja, kama alivyotaka.

Soda nimeshainywa, imepata moto.
Chupa narudisha mwenyewe pale tunduni:
ni ya Mama Sikudhani, naye huzihesabu.