Daftari Ndani ya Buick

Magari mawili, gereji moja, mjini Duluth,
mlimani juu ya ziwa, yakitazamana kama mawifi:
Buick Skylark la mwaka sabini, jeusi, la marehemu,
na Dodge Dart la sitini na nane, kijani cha maharage mabichi,
la mjane mwenyewe, Eila Kangas.
"Moja nauza, Shekue. Lipi, bado sijui. Jaribu."

Nikaanza na la marehemu.
Silinda nane. Gusa tu akseleta,
kiti kinakudaka mgongo
na nyumba za London Road zinakimbilia nyuma
kama zinadaiwa.
Mafuta usiulize. Linakunywa kwa mtungi.
Lakini zungusha usukani: kwanza linafikiri,
kisha linainamisha bega
kama bwana mkubwa anayetafuta kiatu chini ya meza,
nawe umeshapita pale ulipotaka kukata.
Breki zake ni za kuombwa, si za kuamriwa.

La Eila lina silinda sita,
injini imeegemea upande kama mtu anayesikiliza.
Kwenye mwinuko wa Lake Avenue lilikohoa;
pikapu ya fundi bomba ikatupita,
mtoto ndani akatupungia pole.
Gia ya pili huingia kwa kubembelezwa.

Ila kule Skyline, barabara inapojikunja kama utumbo!
Mimi nimejifunzia kona za Soni, nikipanda Lushoto,
ukuta huku, shimo huku.
Najua gari linalosikia
na gari linaloambiwa.
Hili lilisikia. Kidole kimoja, limeshakata,
matairi yakipapasa lami
kama kipofu anayejua nyumba yake.

Eila alikaa pembeni, mkoba mapajani, kimya.
Kona ya tatu akasema:
"Achia breki. Liamini."
Nikaachia.

Tuliporudi nikafungua kisanduku cha dashibodi ya Buick
kutafuta kadi ya gari. Nikakuta daftari,
penseli, mwandiko wa Onni,
miaka kumi na moja ya Jumapili:
Buick, kwa sekunde nne. Buick. Buick.
Mvua, Buick. Buick tena.
Kila shindano lilianzia kwa muuza samaki wa moshi
na kuishia darajani, Mto Lester.

"Na baada ya daraja?"
"Baada ya daraja kuna kona," akasema,
akifuta vumbi kwenye boneti ya kijani
kwa mkono wa sweta.
"Huko hakuwahi kuandika."

Kwetu husemwa mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Sikumtafsiria.
Nikahesabu noti, nikachukua jeusi;
lile jingine, nadhani, halikuwa la kuuzwa
tangu nilipobisha hodi.

Nikateremka mlima polepole, mguu juu ya breki za kuombwa.
Kwenye kioo nikamwona Eila
akilisogeza Dart, mbele kidogo, nyuma kidogo,
mpaka likakaa katikati kabisa
ya nafasi ya magari mawili.